Habkapu Nne za Dinga ya Guka

Wasee, kuna sauti moja bado iko kwa maskio yangu. Jumapili, saa nne hivi asubuhi, Waiyaki Way, tumepita Kangemi tunapandisha kwenda Limuru. Mimi niko kwa usteringi wa Beetle ya guka, na guka mwenyewe amekaa hapo kando, kofia kwa magoti. Tukadunda kashimo. Si shimo ya maana, ni zile unapitanga kila siku bila kushtuka. Alafu nikaskia ting', ka kifuniko ya sufuria imeanguka kwa simiti, na kabla nijue ni nini nikacheki kitu inang'aa inatupita na side ya kushoto, imesimama wima ka shilingi. Ikakata mbele ya mat, ikaruka ukingo, ikapotelea kwa mtaro.

Guka hakusema kitu. Alitoa tu miwani, akaipangusa na shati, akairudisha.

Tuliegesha. Tulitafuta karibu saa nzima. Msee wa boda aliacha nduthi yake akaingia kwa mtaro na sisi, na mama wa mahindi choma akawa anatuelekeza na kile kikadi ya kupepea makaa: "Hapana huko, ilienda chini zaidi!" Boda ndiye aliipata, imelala kifudifudi ndani ya nyasi, imebonyea upande mmoja. Nikampea soo mbili, akarudisha moja. Guka akaishika na mikono mbili, akaipangusa matope na kidole gumba, akaniambia, "Hii nimekuwa nayo kabla baba yako azaliwe."

Hapo ndio nilianza shule ya habkapu. Na nimeona niwachanue, juu najua mbogi ya dinga za kitambo inakua hapa Nairobi, na wengi wetu tunapoteza hizi vitu bila kujua ni kwa nini zinatoka.

Wacha niwape story ya hii dinga kwanza. Ni ya 1963. Guka aliinunua mtumba 1971, na plate yake bado ni ile ya zamani, herufi tatu na namba, bila herufi ya mwisho. Ukimuuliza kwa nini Beetle, atakupeleka moja kwa moja hadi Safari Rally. Hiyo rally ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, na Beetle iliishinda 1954, ikarudia 1957, alafu 1962 Tommy Fjastad akashinda nayo tena. Mwaka huo guka alikuwa kijana amesimama kando ya barabara kwa matope ya Pasaka, anacheki zile gari zikipita zimefunikwa udongo hadi kwa madirisha. Anasema aliamua hapo hapo. Ilimchukua miaka tisa kupata doo.

Beetle ya mwisho ya ule muundo wa kitambo ilitoka kiwanda ya Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutengenezwa. Na hapa Kenya gari mtumba ikipita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia. Weka hizo mbili pamoja ucheki zinamaanisha nini: zile Beetle, zile Datsun 1600, zile Peugeot 404 na Morris Minor unaona mtaani, ndio hizo tu. Hakuna meli inatuletea zingine. Kila kipande ikianguka kwa mtaro wa Waiyaki Way, imepungua kwa hesabu ya nchi mzima.

Jumatatu nilienda Kirinyaga Road, ile wasee bado wanaita Grogan. Kuna fundi hapo amekuwa akifanya wira ya Volkswagen tangu enzi ya baba yake. Nikampea habkapu imebonyea. Akaiweka chini bila kuiangalia, akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaanza kupapasa rimu na vidole ka daktari. Alafu akanisho: "Kijana, habkapu haijishiki. Inashikwa. Wewe umeniletea mgonjwa mwenye hana ugonjwa."

Kwa Beetle ka hii, habkapu yenyewe ni bakuli tu ya chuma imepakwa kromu, na mdomo wake umekunjwa kuingia ndani. Kazi yote inafanywa na klipu za springi zenye ziko kwa rimu. Ukisukuma habkapu, mdomo unapita juu ya klipu, klipu inajikunja kidogo, alafu inarudi na kubana kwa ndani. Hiyo tu. Hakuna skrubu, hakuna nati. Ni nguvu ya springi na chuma kugusana na chuma.

Sasa cheki kenye kinafanyika barabarani. Rimu ya chuma si jiwe. Ukikata kona ya raundabauti, ukidunda tuta, ukipita barabara ya murram yenye imejikunja ka bati, rimu inajipinda kiasi, kidogo sana macho haiwezi ona, na inarudi. Kila kujipinda, klipu inasogea kwa mdomo wa habkapu. Ka springi bado iko na nguvu, inarudisha kila kitu mahali pake. Ka imechoka, habkapu inatembea nje mos mos, kila tuta inaiongezea kidogo, hadi siku moja kashimo kadogo kanamaliza wira yenye ilianza miezi kadhaa nyuma. Ndio maana wasee wengi wanalaumu shimo ya mwisho. Hiyo shimo ilikuwa tu ya mwisho kwa laini.

Fundi alinifunza kusoma habkapu na ndani, na hii ndio kitu nilipenda zaidi kwa hii shule yote. Toa habkapu, ipindue, angalia ule mdomo umekunjwa. Penye klipu inabana sawa kunakuwanga na kalaini kanang'aa, chuma imesuguliwa hadi imekuwa nyeupe. Penye klipu haigusi kuna vumbi na kutu. Kwa ile yetu, alama za kung'aa zilikuwa mbili tu, zote side moja. Kumaanisha hiyo habkapu imekuwa ikining'inia na meno mbili kwa miaka, side ingine imeegemea tu. Nikatoa zile zingine tatu nikazicheki. Ya nyuma kulia ilikuwa fiti, alama zimezunguka pande zote. Zile mbili zingine zilikuwa njiani kuanguka.

Na klipu zilikuwa zimeharibiwa na nini? Rangi. Miaka kadhaa nyuma rimu zilipakwa rangi upya, na kazi ilikaa poa kwa macho, lakini rangi ilipigwa juu ya klipu, mara mbili mara tatu, hadi springi ikawa imevalia koti nzito. Rangi inateleza. Rangi inajaza ile nafasi springi inahitaji ndio ijikunje. Chini ya rangi, maji ilikuwa imeingia, kutu ikaanza kula.

Tulianza na brashi ya waya na msasa. Toa rangi kwa klipu hadi uone chuma, na kwa ule mdomo wa habkapu toa kutu na uchafu wote. Rimu yenyewe acha na rangi yake, ni penye chuma inagusana tu. Alafu mafuta kidogo sana nyuma ya klipu, na ncha ya kitambaa, kuzuia kutu kurudi. Usipake kwa mdomo wa habkapu. Kwa ile habkapu ilikuwa fiti, hiyo pekee ilitosha.

Klipu zilikuwa zimelala, fundi alizikunja nje na plaisi. Hapa ndio wasee wengi wanaharibu, kwa hivyo niskizeni poa. Unakunja kidogo, kidogo hadi unashuku ka umefanya kitu. Unakunja moja, unaenda kwa ile inaiangalia side ya pili, alafu unajaribu habkapu. Bado? Unaongeza kidogo tena. Ukiivuta sana mara moja, habkapu itakataa kuingia, utaanza kuigonga na hasira, utaibonyeza. Na springi ukiikunja mbele na nyuma kila wiki itakatika, juu chuma ya springi inachoka ka mtu. Klipu moja yetu ilikuwa imepasuka kwa mzizi. Hiyo haikunjwi. Fundi alitoboa riveti ya zamani, akaweka klipu mpya, akapiga riveti ingine, akaijaribu na kidole mpaka akaridhika.

Habkapu imebonyea nayo niliipeleka Kamukunji, kwa wale wasee wa jua kali wanagonga bati kutwa nzima hadi uskii kelele ukiwa mbali. Nilikuwa na wasiwasi na kromu. Yule fundi aliilaza kwa mfuko wa mchanga, akafunga nyundo na kitambaa ya jinsi, akaigonga na ndani, pole pole, akizungusha. Kisha akaiweka juu ya kipande ya glasi, mdomo ukiangalia chini, akaigusa na kidole kimoja. Ikatikisika. Akatoa, akagonga mahali pengine padogo, akairudisha. Haikutikisika. Hicho kipimo cha glasi unaweza fanya kejani kwako na meza ya sebule: ka mdomo umepinda, habkapu itacheza, na ka inacheza kwa glasi haiwezi shikwa sawa na klipu, hata uwe na klipu mpya zote.

Na mdomo unapindwanga na nani? Na sisi wenyewe. Screwdriver. Umepata pancha, una haraka, unaingiza screwdriver, unanyanyua kwa nguvu. Kila pancha unaacha kovu kwa rangi ya rimu na unanyoosha ule mkunjo wa mdomo. Volkswagen walikuwa wamefikiria hiyo maneno kitambo. Cheki vizuri ukingo wa habkapu, utaona vitundu viwili vidogo. Kwa vifaa vya gari kulikuwa na kandoano ka waya. Unaingiza ndoano kwa vile vitundu, unapitisha chuma kwa mshikio wake, unategemeza, unavuta, na habkapu inatoka bila alama. Ya guka ilipotea kabla nizaliwe. Tulitengeneza ingine na mshikio wa ndoo ya zamani, ile waya nene, tukaikunja ncha na jiko ya makaa. Inakaa kwa buti ya mbele, imefungwa kwa kitambaa pamoja na jeki, na hakuna mtu anaruhusiwa kukaribia hizo gurudumu na screwdriver tena.

Kurudisha nayo kuna adabu yake. Kaza kwanza bolti za gurudumu, juu ukishafunika hauzioni tena. Panga habkapu na klipu za juu, ishike hapo, alafu sukuma chini na kiganja, ile sehemu ngumu karibu na mkono. Ikikataa, tumia nyundo ya raba, na ugonge kwa ukingo, ukizunguka. Usigonge katikati, hapo ndipo inabonyea na ni penye kila mtu anaangalia. Na usipige teke. Nimeona msee akipiga teke habkapu ya Mercedes ya miaka ya sabini, zile zilipakwa rangi sawa na bodi, na roho iliniuma.

Skiza ukigonga. Habkapu haijaingia inalia ka sahani. Ikiingia sawa inatoa sauti fupi, imeziba. Shika ukingo na ncha za vidole ujaribu kuivuta: isisogee. Endesha kilomita chache, simama, jaribu tena. Ka imesogea siku ya kwanza, kuna klipu haifanyi kazi, rudi kwa zile alama za kung'aa ucheki ni gani.

Na ukiwa umetoa ile ya mbele, angalia katikati ya gurudumu. Kwa Beetle, waya ya spidomita inatoka kwa gurudumu moja la mbele. Utaona ncha yake ya mraba imepenya kwa kile kikofia cha grisi, imezuiwa na kapini kadogo. Gurudumu likizunguka, linazungusha hiyo waya, na sindano inapanda kwa dashibodi. Nilikuwa nimeendesha hiyo dinga miaka mitatu bila kujua. Habkapu ikikosekana hapo, hicho kikofia kinapigwa na mawe na matope moja kwa moja, na kikianguka spidomita inanyamaza. Kumbe ile bakuli ya kromu ilikuwa na wira ya maana pia.

Sasa zile dawa za mtaa. Watu watakusho ufunge na tai za plastiki. Kwa wilkapu za plastiki za Probox na Vitz hiyo ni sawa kabisa, ziko na mianya ya kupitisha, nimefunga nyingi na zinashika. Kwa habkapu ya chuma hakuna mahali pa kupitisha, na kuna wasee wanatoboa. Nawaomba, msitoboe. Shimo kwa kromu ni mlango wa kutu, na hiyo chuma haina dada yake mahali. Silikoni nayo inashika, vidoti vidogo penye klipu zinagusa, na kuna watu nawaheshimu wanaitumia. Mimi nimeikataa. Nikipata pancha usiku kule chini ya Mai Mahiu, na lori zinapita hapo kando, nataka habkapu itoke na ndoano kwa sekunde tano, si kukwangua na kisu na tochi kwa mdomo. Gluu ya kukauka haraka usiiguse hata kidogo. Kipande chembamba ya tyubu ya baisikeli kati ya klipu na mdomo itakufikisha nyumbani siku ya dharura, na inanyamazisha kelele, lakini kesho yake nenda ukarekebishe klipu.

Ka dinga yako si Beetle, tafuta kwanza kenye kinashika kabla ufanye chochote. Morris Minor na Waingereza wengine wa enzi hiyo rimu zao ziko na vichwa vidogo vya chuma badala ya klipu, na hivyo vikiisha makali hakuna kukunja, vinabadilishwa. Zile Mmarekani kubwa za miaka ya hamsini ziko na wilkapu zinafunika rimu yote, na meno ya kuuma pande zote, na valvu inapitia kwa katundu. Meno yakichoka, wilkapu inazunguka peke yake, na makali ya katundu yanaweza kata valvu. Hapo unapoteza upepo pamoja na habkapu.

Ukienda Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, ile maonyesho ilianza 1970, utaona majaji wakiinama hadi chini ya gari. Tulienda na guka, tukiwa tu watazamaji. Hakukaa sana kwa zile gari ghali. Alienda kwa Beetle moja ya mzee mwenzake, akagusa ukingo wa habkapu na kidole kimoja, akaisukuma, akaniangalia. Haikusogea. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Kitu ya mwisho ni usalama. Mnajua venye kioo za side na taa zinaondoka hapa tao, ndio maana wenye magari wanachora namba ya plate kwa kila kitu. Habkapu pia ichore, lakini na ndani, penye haionekani. Sisi tulichora plate, alafu pembeni tukaandika namba ya simu na rangi nyeupe ya mafuta. Haitazuia mwizi mwenye roho ngumu. Itasaidia msee mzuri akiiokota ajue ampigie nani, na hao wasee wako. Mmoja alikuwa kwa mtaro na sisi siku ile, viatu vimejaa matope, na akarudisha soo.

Kwa hivyo ka una dinga ya kitambo, ama ya guka wako iko kwa boma imefunikwa na turubai, wikendi hii toa habkapu zote nne usome zile alama ndani. Na wewe mwenye hauna gari, ukiona bakuli ya chuma inang'aa kando ya barabara, usiipeleke kwa mzani wa skrapu. Ipindue kwanza ucheki ka kuna namba. Ka hakuna, isimamishe kwa ukingo, kromu ikiangalia barabara, juu kuna mtu atarudi akiendesha polepole, anaitafuta.